Tusiwakalishe Wazazi Wetu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wa Nairobi tumeifuata methali hiyo kwa kila mgeni isipokuwa mzazi aliyezeeka. Mama akiletwa mjini kutoka mashambani anapokewa mzigo mlangoni, anakaribishwa kwenye kochi karibu na televisheni, na tangu hapo hapewi jembe tena. Akiinuka kuosha kikombe, ananyang'anywa. Akisema anataka kushuka dukani, anatumwa mtoto. "Mama, wewe pumzika, umefanya kazi ya kutosha." Maneno hayo yanatoka moyoni, nami nayaheshimu. Lakini kwa kipindi ambacho nimekuwa nikisoma na kuulizia habari za ubongo wa watu wazima, nimefika mahali pa kuamini kwamba kochi hilo linawadhuru wazazi wetu, na kwamba mojawapo ya mambo linayoyagusa mapema ni kumbukumbu.

Mama yangu alikuja Nairobi baada ya Baba kufariki. Ni Mtaita, amezaliwa na kuzeekea kwenye miteremko ya Wundanyi, ambako njia tambarare ni nadra: ukienda shambani unashuka, ukirudi unapanda na mzigo kichwani. Dada yangu alimchukua wakaishi wote Umoja, gorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Kwa ajili ya ngazi hizo ikakubaliwa kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp kwamba Mama asishuke ila Jumapili na siku za kliniki.

Haikupita muda akaanza kuuliza jambo moja mara mbili, mara tatu. Kisha kukatokea kisa cha mlango. Walikuwa wametoka kanisani, Mama ametangulia kupanda, akafika gorofa ya tatu akasimama mbele ya mlango wa chuma wa kijivu, wa pili kushoto, wenye zulia dogo la kufutia miguu. Akausukuma. Ulikuwa umefungwa, akagonga. Mwenye nyumba alipofungua, Mama akamwambia kwa upole kwamba hapo ni kwa binti yake. Yule jirani, Mungu ambariki, hakumcheka; alimshika mkono akampandisha gorofa moja zaidi, ambako kuna mlango wa chuma wa kijivu, wa pili kushoto, wenye zulia dogo. Mwanamke huyo huyo, kule kwao, alikuwa akitoka kisimani giza limeshaingia na kufika nyumbani bila tochi.

Daktari aliyemwona hakukimbilia kutaja ugonjwa wa kutisha. Alitaka kwanza kuondoa mambo yanayoweza kumfanya mzee aonekane amepoteza kumbukumbu kumbe yanatibika: tezi ya shingo isiyofanya kazi ya kutosha, upungufu wa vitamini B12, sukari, presha, masikio yasiyosikia, na huzuni ya kufiwa, ambayo kwa wazee hujificha nyuma ya ukimya. Halafu akaomba Mama alete mfuko wake wote wa dawa. Humo mlikuwa na vidonge vya klorofeniramini, vile vya mafua na mwasho vinavyouzwa katika kila duka la dawa.

Nasimama kidogo hapo, maana nyumba nyingi za Nairobi zinavyo. Ubongo hutumia kemikali iitwayo asetilikolini kunasa mambo mapya na kuyaweka. Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau uitwao Alzheimer, seli zinazoitengeneza huanza kufa mapema, na dawa kama donepezili hufanya kazi kwa kuzuia hiyo kidogo iliyobaki isivunjwe haraka. Klorofeniramini inakwenda kinyume kabisa: huziba mahali ambapo asetilikolini ingefanyia kazi. Ndiyo maana miongozo ya matibabu ya wazee inashauri dawa za kundi hilo ziepukwe. Kijana akimeza atasinzia. Mtu wa miaka 75 anaweza kuchanganyikiwa. Kama una mzazi nyumbani, nenda leo ukaangalie mfuko wake, na ukiona jina hilo muulize daktari au mfamasia.

Mama aliachishwa vile vidonge. Kisha daktari akauliza, "Huyu mama anatembea wapi?" Dada akajibu kwamba hatembei, anapumzishwa. Daktari akainama, akaandika kwenye kitabu cha kliniki, chini ya jina la dawa ya presha, neno moja: kutembea.

Ndani ya ubongo, karibu na usawa wa masikio, kuna sehemu mbili ndogo, moja kila upande, ziitwazo hipokampasi. Bila hizo hatuwezi kuhifadhi jambo jipya. Ni hizo hizo zinazotuwekea ramani ya tulipo: John O'Keefe, akifanya kazi London, alionyesha mwaka 1971 kwamba katika hipokampasi ya panya kuna seli zinazowaka panya akifika mahali fulani tu na si pengine, na mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway. Eleanor Maguire naye, mwaka 2000, aliwapima madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni, akakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini kisa cha mlango kilinisumbua kuliko yale maswali ya kurudiarudia. Kumbukumbu ya mahali na kumbukumbu ya mambo zinakaa nyumba moja. Na nyumba hiyo, uzeeni, hupungua kwa asilimia 1 hadi 2 kila mwaka.

Mazoezi yanaingiaje hapo? Mwaka 1982, Yves-Alain Barde na Hans Thoenen, wakiwa Ujerumani, walitenga kutoka kwenye ubongo wa nguruwe protini inayozifanya seli za neva ziishi na kuchipua. Siku hizi inajulikana kwa herufi BDNF. Mwaka 1995 kundi la Carl Cotman huko California liliwaacha panya wakimbie kwenye gurudumu, wakaona BDNF imepanda. Mtu angetarajia ipande kwenye sehemu za ubongo zinazoendesha miguu. Ilipanda kwenye hipokampasi. Miaka minne baadaye Henriette van Praag na Fred Gage, pia California, walionyesha kwamba panya wanaokimbia huzalisha seli mpya za neva nyingi zaidi katika hipokampasi.

Panya ni panya. Utafiti ulionishika zaidi ni wa watu, uliotolewa mwaka 2011 na Kirk Erickson wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh pamoja na wenzake. Waliwachukua watu 120 wenye umri wa miaka 55 hadi 80, wasio na ugonjwa wa kusahau ila wamezoea kukaa. Nusu walipangiwa kutembea kwa kasi siku tatu kwa wiki. Nusu wakapewa mazoezi ya kujinyoosha. Baada ya mwaka mmoja hipokampasi za waliotembea zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 2 hivi, na za wale wengine zimepungua kwa asilimia 1.4. Kadiri hipokampasi ya mtembeaji ilivyokua ndivyo BDNF katika damu yake ilivyopanda, na ndivyo alivyofanya vizuri kwenye jaribio la kukumbuka mahali. Ni lazima niseme pia kwamba makundi yote mawili yaliongeza alama katika jaribio hilo, kwa hiyo anayekuambia kwamba utafiti ule ulithibitisha kutembea kunarudisha kumbukumbu ameuongezea chumvi.

Na BDNF haifanyi kazi peke yake. Noradrenalini, ile kemikali inayotuamsha na kutufanya tuwe macho, hupanda mwili unapojitahidi. Ili kuona kama hilo linasaidia kumbukumbu, kundi moja la California liliwaonyesha wazee picha, likawaendesha baiskeli ya mazoezi kwa dakika 6 tu, halafu saa moja baadaye likawauliza ghafla wanakumbuka picha zipi. Walioendesha walikumbuka zaidi, hata wale ambao kumbukumbu zao zilishaanza kuyumba. Huko Frankfurt, watafiti waliwapima wazee wa miaka 65 na zaidi kwa mashine inayosoma kemikali za ubongo mtu akiwa hai. Walikuwa wakitazama kolini, ambayo huongezeka seli za neva zinapovunjika. Baada ya wiki 12 za baiskeli, mara tatu kwa wiki, kolini ya wenye mazoezi ilibaki palepale. Ya waliokaa ilipanda.

Kuna pia wazee wa Chicago ninaowawazia kwa heshima. Mara kwa mara walivaa, kwa siku kadhaa, kifaa cha kupima mwendo wao wa kila siku, ikiwa ni pamoja na kufagia na kuzunguka ndani ya nyumba, na walikubali ubongo wao uchunguzwe wakifa. Kaitlin Casaletto na wenzake walichunguza zaidi ya 400 na kutoa matokeo mwaka 2022. Waliokuwa wakijishughulisha zaidi walikuwa na wingi wa zile protini zinazoshikilia viungo kati ya seli moja ya neva na nyingine. Hata kwa wale ambao ubongo wao ulijaa alama za Alzheimer, hali ilikuwa ile ile. Kufagia kunahesabika. Kile kikombe tunachomnyang'anya Mama nacho kinahesabika.

Ukweli una upande mwingine na sitauficha. Marekani walifanya jaribio kubwa la watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, waliozoea kukaa. Nusu walifanyishwa mazoezi kwa miaka miwili, nusu wakapewa masomo ya afya. Mwaka 2015 matokeo yalipotoka, alama zao za akili kwa jumla hazikutofautiana. Dalili ya faida ilionekana kwa waliopita miaka 80 na kwa waliokuwa dhaifu zaidi wa mwili walipoanza. Uingereza nao, mwaka 2018, waliripoti kwamba mazoezi makali kwa watu ambao tayari wana ugonjwa wa kusahau yaliimarisha miili yao lakini hayakupunguza kasi ya ugonjwa. Kwa hiyo kama mzazi wako ameshaugua, usimkimbize ukitumaini atarudi alivyokuwa, na usijilaumu asiporudi. Atembee kwa sababu nyingine: usingizi, moyo, kuepuka kuanguka, kuona watu.

Nikiyapima yote haya, nasimama hapa: tusubiri kidogo kusema kutembea ni dawa, lakini kumkalisha mzee mwenye nguvu zake ni hatari tunayoijua. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet, mwaka 2024, ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya magonjwa ya kusahau duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama vihatarishi 14 vingeshughulikiwa. Kutojishughulisha mwili kumo. Angalia vingine: presha, sukari, mafuta mabaya kwenye damu, unene, msongo wa huzuni, upweke. Mzee anayetoka nje na kutembea na watu anavigusa vingi kwa mara moja.

Basi turudi Umoja. Wale wa Pittsburgh walianza na dakika 10, wakaongeza 5 kila wiki hadi wakafika 40, na mimi napenda hesabu hiyo kwa kuwa haimtishi mtu. Ila Mama hataki kusikia neno mazoezi. Ukimwambia twende tufanye mazoezi anajibu kwamba hayo ni ya vijana wa mpira. Ukimwambia nyanya zimeisha, ameshavaa raba. Kwa hiyo kinachomtoa ni soko la Mutindwa, na ninaona hiyo ni bora kuliko kuzunguka uwanja, kwa sababu hipokampasi inapewa njia, nyuso na bei za kushika.

Anashuka ngazi mkono wa kushoto ukiwa kwenye chuma, hatua moja baada ya nyingine, na kwenye kila kibaraza anataja kwa sauti gorofa aliyofika. Jambo hilo alilianzisha mwenyewe. Sokoni hanunui kibanda cha kwanza. Anaishika nyanya, anaibonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo, anaiweka, anauliza bei, anaenda kibanda cha pili, kisha cha tatu, halafu anarudi kwa yule wa kwanza na kumkumbusha bei aliyotaja. Mama mboga wake sasa anamjua, na Mama anamjua mwanawe anasoma darasa gani na deni la nani halijalipwa. Watoto wa ploti wanamwita shosho, yaani bibi, ingawa kwao hawasemi hivyo, na anaitika.

Wataalamu wana kipimo rahisi cha kasi inayofaa: mtu aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Mama huimba nyimbo za kanisani akitembea. Akifika pale njia inapopanda wimbo unakatika, anaendelea kwa maneno mafupi, na hapo najua moyo wake uko mahali panapotakiwa. Shirika la Afya Duniani linawashauri wazee dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa namna hiyo, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili na ya kujishikilia usianguke siku tatu. Hayo ya nguvu watu huyapuuza. Vancouver, mwaka 2010, katika utafiti wa wanawake 155 wa miaka 65 hadi 75, wale waliofanyishwa mazoezi ya vyuma mara moja au mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja waliimarika katika kuelekeza akili kwenye jambo moja bila kuyumbishwa. Kikapu cha viazi kinachopandishwa gorofa nne si mbali sana na vyuma hivyo, mradi mzee hana kizunguzungu na daktari ameridhika na presha na magoti yake.

Korogocho kuna kina shosho ambao kwa miaka wamekuwa wakijifunza kujilinda dhidi ya wabakaji, wakipiga ngumi na mateke kwenye mto wa mazoezi na kupaza sauti ya "Hapana!" Walianza kwa sababu chungu, na sipendi kuifanya iwe hadithi tamu. Lakini ukiwatazama unaona mwili unaotoka jasho, mfululizo wa hatua wa kukumbuka, na kundi linalongojana. Mtaalamu wa ubongo angeombwa kupanga kipindi cha wazee, sidhani angebadilisha mengi.

Jiji lenyewe ndilo linalotukwamisha. Karura ina takriban hekta 1,000 za msitu na njia safi, Arboretamu ina miti na vivuli, na vyote viko upande wa pili wa mji. Kutoka Umoja ni matatu mbili na nauli ambayo mtu anayetegemea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, pesa ya serikali kwa wazee, hawezi kuimudu. Wangari Maathai alipoisimamia Uhuru Park mwaka 1989 lisijengwe jengo la gorofa 60, na alipopigwa akiitetea Karura mwaka 1999, alikuwa analinda pia mahali pa mzee kunyoosha miguu, na kila nikipita huko namshukuru kwa hilo. Eastlands, upande wetu huu wa mashariki, inahitaji wa kuitetea hivyo hivyo. Huku njia ya miguu inaanza vizuri kisha inamezwa na kibanda, gari lililoegeshwa, mtaro usio na kifuniko, na boda boda inayokata kona ikipitia hapo hapo. Hakuna benchi. Mzee anayehitaji kupumzika kila baada ya mita mia mbili hana pa kukaa ila kwenye kreti ya soda ya mwenye duka mwema. Na moshi: uchafu wa hewa umo kwenye ile orodha ya vihatarishi 14, kwa hiyo Mama hutoka baada ya msongamano wa asubuhi kupungua, ambao pia ni wakati ubaridi wa Julai unapolegea.

Mtaniuliza kama kumbukumbu yake imerudi. Hajagonga tena mlango wa gorofa ya tatu. Bado anauliza jambo mara mbili, bado majina ya wajukuu wanaokaribiana umri yanambabaisha. Analala usiku kucha, jambo ambalo hakuwa analifanya. Je, ni vidonge vilivyoachwa, ni kutembea, au ni machungu ya kufiwa yanayopoa? Mtu mmoja si utafiti, na siwezi kugawa sifa hizo.

Kwa sasa mjadala kwenye kikundi cha familia ni mwingine. Mama anataka kwenda kanisani Buruburu kwa miguu, peke yake, bila kusindikizwa, maana njia ameshaijua. Kaka yangu mkubwa anasema hapana, atumiwe gari, na hoja yake ya zile boda boda ni ya kweli. Dada yuko katikati. Mimi nimependekeza aende, na kwa Jumapili za kwanza mjukuu amfuate kwa nyuma, mbali kiasi cha kutomwongoza, karibu kiasi cha kumfikia akikosea kona au gari likimjia vibaya. Kaka ameomba kwanza aipite njia hiyo yeye mwenyewe kwa miguu, aone mahali pa kuvukia. Anakuja wikendi hii.